Koti la Elinipa

“Hivi hilo somo la Namsifu ni sayansi, au ni mapishi tu?”

Mama Elinipa, jirani yangu, aliwahi kuniuliza hivyo tukiwa uani, huku akianika koti jeupe la binti yake. Elinipa alikuwa ameshapata nafasi chuo cha uuguzi. Koti lilikuwa halijavaliwa hata mara moja, lakini kila Jumamosi lilifuliwa na kuanikwa, tena upande wa kwangu.

Mwanangu Namsifu naye aliomba chuo hichohicho. Wakamjibu kwamba wanahesabu masomo ya sayansi tu, na Lishe, alilofaulu kuliko yote, bado wanaangalia liwekwe upande gani. Likiwa sayansi, anaingia. Lisipokuwa, anabaki nyumbani na mimi.

Sikuwa na wivu. Nilikuwa naliangalia tu lile koti.

Usiku wa kuamkia leo nikasali, nikalala, nikaota niko kanisani kwetu.

Waliokaa kwenye mabenchi ni masomo. Sisi huwa tunakaa wanaume kulia, wanawake kushoto. Nao wamekaa hivyo: sayansi kulia, wasio sayansi kushoto. Fizikia anasinzia. Kemia ananuka mayai viza. Lishe, mama mnene mwenye sufuria ya maharage kichwani, amesimama katikati, hana pa kukaa.

Kengele ameshuka mnarani, amevaa tai, anapanga watu.

“Shikamoo,” namwambia.

“Marahaba. Wewe ni somo gani?”

“Mimi ni mjane.”

“Hiyo si sayansi. Kushoto.”

Nakaa kushoto. Ndiko ninakokaa siku zote.

Lishe anamwambia Kengele, “Baba, mimi najua damu ya mjamzito inapungukiwa nini, na mtoto anadumaa kwa nini.”

“Una koti?”

“Nina kanga.”

“Mwenye koti ndiye sayansi. Ya ndani hatuangalii.”

Ndipo ninapoliona. Biolojia wa Elinipa amelivaa lile koti, ametandaza miguu benchi zima, anamnong’oneza Kemia, “Siku hizi hata wapishi wanataka uuguzi.” Sauti ni ya Mama Elinipa kabisa.

Nainuka. Navuka kwenda upande wa kulia, jambo ambalo sijalifanya tangu nibatizwe.

“Samahani, mwanangu,” nasema, namvua koti. Chini yake hana shati. Ana utumbo, na chura mmoja.

“Sasa mimi nitakaa wapi, mama?”

“Kule kwa Historia pana nafasi. Ni mtu wa maongezi.”

Anakwenda, chura akimfuata.

Namvalisha Lishe. Kanisa sasa ni jiko langu, mabenchi yamekuwa kuni, maharage yanatokota na kurukia koti. Linambana tumbo. Kitufe cha katikati kinaruka, nakidaka.

Kengele anajigonga mara moja.

“Sayansi,” anasema. “Kaa kulia.”

Nikaamka kumekucha, ngumi nimeikaza. Kabla sijaifungua nikasikia hodi.

“Karibu, Mama Elinipa. Umeamkaje?”

“Nimeamka.” Alikuwa ameshika koti. “Hili lililala kambani. Ona nimelikutaje.”

Tumboni palikuwa na doa la mchuzi wa maharage. Kitufe cha katikati hakipo.

“Labda ni upepo,” nikasema.

“Upepo unapika, Mama Namsifu?”

Namsifu akatoka chumbani mbio, simu mkononi.

“Mama, chuo wamenijibu. Lishe wameikubali ni sayansi. Nimepata.”

Mimi habari njema ikinifikia huwa siwezi kukaa na mikono chini. Nikaiinua yote miwili juu, viganja wazi, nikasema, “Asante, Bwana.”

Kitufe kikaanguka sakafuni, kikabiringika, kikasimama mbele ya ndala za Mama Elinipa.

Akainama, akakiokota. Akakiweka juu ya koti, pale kinapokosekana, akakitazama. Akanitazama mimi, mikono yangu ikiwa bado juu.

Kisha akakunja koti lake, akatoka.