Bwawa Lililobaki Nje ya Mtaro

Vumbi lilitangulia kila kitu. Vumbi jekundu la barabara ya Embu, lililopanda asubuhi nyuma ya malori, likaning'inia angani mchana kutwa, likatua juu ya mahindi, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya midomo ya watoto. Miaka ile ya hali ya hatari, vumbi likionekana kwa mbali hatukuuliza nani anakuja. Tuliuliza nani atachukuliwa.

Na wewe, Ngari, mume wangu, baba Lydiah, malori hayo ndiyo yaliyokupeleka kazini.

Ulikuwa mkalimani. Ulikuwa na Kiembu cha mama yako, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha misheni, na serikali ikakuweka penye meza: upande huu ofisa mzungu, upande ule mtu aliyekamatwa, na wewe katikati, mdomo wa wote wawili. Huko walikuita Hezekiah. Nyumbani, Kibugu, ulikuwa Ngari, na ulikuwa na samaki.

Nani mwingine kwenye miteremko hii alifuga samaki? Watu wetu hawakumla samaki. Walimhesabu na nyoka, kitu cha kuteleza, kitu kisichofumba macho. Lakini wewe ulirudi siku moja kutoka Sagana na debe la maji, umelikumbatia basini njia nzima, na ndani yake perege kumi na wawili, kila mmoja mfupi kuliko kidole. Wewe na jirani yetu Ndwiga mkachimba bwawa chini ya shamba, pale kijito kinapopinda. Ndwiga alicheka kila jembe lilipogonga jiwe. Alisema hajaona mtu akitoka jasho kwa ajili ya chakula ambacho mke wake hatakipika. Alicheka, na alichimba. Wiki mbili alichimba, na hakutaka chochote ila kuona mwisho wake.

Maji ya mlima ni baridi, na perege hapendi baridi. Ukachimba kibwawa cha pili, maji ya magoti tu, ukakizungushia mawe meusi ili yashike jua. Humo ndimo walimozaa. Jumamosi ulilala kifudifudi ukingoni, kidevu juu ya mikono, mtu mzima mwenye suruali ya ofisi, ukitazama dume akichimba kiota matopeni kwa kinywa chake. Niliwaonea wivu samaki wale, nakiri. Sikuwahi kutazamwa hivyo.

Kisha mlima ukajaa watu waliojificha ili wapigane na serikali, na mabonde yakajaa watu waliowasaka.

Askari wakachoma nyumba zetu. Wakatupanga kwenye vibanda vilivyobanana juu ya kilima, wakatuzungushia mtaro uliojaa vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Sisi wenyewe tuliuchimba mtaro ule, sisi wenyewe tulivichonga vijiti. Bwawa lako likabaki nje, kati yetu na msitu, mahali ambapo bunduki haikuuliza jina.

Hukulalamika. Hukuwa na muda. Kule kambini walikochujwa watu ulianza kusema jua likichomoza na kunyamaza likizama. Watu hamsini kwa siku. Watu themanini. Kila mmoja aliweka maisha yake mdomoni mwako, nawe uliyabeba hatua mbili tu, kutoka huku hadi kule, kisha ukarudi kuchukua mengine. Kwanza uliacha kuimba kanisani. Kisha ukaacha kumwuliza Lydiah habari za shule. Kisha chakula kikawa kinapoa mbele yako. Niliona, nami sikuuliza. Miaka ile swali lilikuwa kitu cha hatari hata kati ya mtu na mkewe.

Wakamkamata Ndwiga. Watu wa msituni walikutwa na mahindi, na alama za miguu zilitoka shambani kwake. Wewe ndiye uliyetafsiri. Kesho yake lori lilimpitisha barabarani, amesimama na wenzake, vumbi limemfanya mzee. Jioni uliingia, ukakaa, ukageukia ukuta.

Hukusema neno. Wala siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi ule.

Walileta daktari, akasema upumzike. Kazi ikapewa mtu mwingine, Marete, kutoka Meru. Majirani walisema umerogwa. Wengine walinong'ona kwamba umekula kiapo cha watu wa msituni, na kiapo kimekula ulimi. Mchungaji alisema ni huzuni, akaomba, akaenda. Mimi sikuwa na jina la kuupa ugonjwa ule. Nilikuosha kama anavyooshwa mtoto. Nilikulisha uji kwa kijiko. Macho yako yalikuwa wazi, na hapakuwa na mtu nyuma yake.

Mwezi wa saba ikaja barua kwa Wamuyu, mke wa Ndwiga, ambaye kibanda chake kiliegemea chetu. Ndwiga amefia kambini, homa. Wamuyu alilia siku tatu, na ukuta wa udongo haukuzuia hata pumzi. Ulivuta blanketi hadi juu ya kichwa. Niliona, nami sikuuliza.

Mwaka wa hamsini na sita walitulegezea kidogo. Wanawake tulipewa muda wa saa moja mchana kwenda mashambani kuchimba mizizi ya nduma, askari wakitutazama kutoka mnarani. Siku moja miguu yangu ilinipeleka bwawani. Majani yalikuwa yamelifunga, ukingo umemomonyoka, maji mazito ya kijani yananuka kifo. Nilisema moyoni, nalo limekwisha. Nikainama kunawa mikono, na chini ya majani kitu kikageuka. Mgongo mweusi, mpana kama kiganja. Kikanitazama, kikazama.

Nilirudi, nikakaa kando yako, nikakuambia tu, kama nilivyokuambia kila siku habari za kuni na maji, kwamba mmoja yuko hai.

Uligeuza shingo. Baada ya mwaka na zaidi wa kutazama ukuta, uligeuza shingo ukanitazama mimi.

Nilikwenda kwa Gichovi, mkubwa wa homugadi, walinzi wa serikali kijijini kwetu, kuomba cheti cha wewe kutoka nami. Gichovi alikuwa mtu mpole wa sauti, na kwa sababu hiyo aliogopwa zaidi. Aliizungusha ile karatasi kwa vidole. Alisema mtu anayepiga kelele yeye humwelewa. Mtu anayenyamaza mwaka mzima, alisema, anahifadhi kitu. Kisha akaweka muhuri. "Saa moja, mama Lydiah. Na nitakuwa naangalia."

Siku ya kwanza ulifika ukingoni ukasimama tu hadi filimbi ikalia. Siku ya pili ulivua viatu. Siku ya tatu uliingia majini, ukang'oa jani moja, ukalitazama, ukalitupa nje. Jani moja. Nilienda nyuma ya migomba nikalia, nisije nikakutisha.

Jani kwa jani bwawa likafunguka. Ulikanda udongo wa mfinyanzi ukaziba ukingo. Ulitia samadi pembeni ili maji yapate uhai, ukaleta pumba na mchwa, ukarudisha mawe meusi mahali pake. Mikono yako ilikumbuka kabla ya kichwa chako. Ulianza kula, kwa sababu mtu anayebeba mawe husikia njaa. Ulianza kulala. Walikuwa wamebaki tisa, ukawachagua wanne, ukawahamishia kwenye kibwawa cha kuzalia, nawe ukalala kifudifudi kama zamani, mbavu zako zikihesabika mgongoni.

Na mchana mmoja, jua likiwa limesimama juu ya maji, ulisema, "Amebeba."

Nilidhani ni upepo. Ulinionyesha jike aliyejitenga, koo limevimba, mdomo umefungwa kabisa. Kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa nyumba iliyohamwa ulinieleza kwamba mayai yake yote yamo kinywani. Kwamba hatakula, wiki mbili au tatu, asije akameza hata moja. Ulisema hayo, na uso wako ukajifunga ghafla kana kwamba umesikia ulichokisema.

Niliona, nami sikuuliza. Nilikuwa na furaha mno ya kusikia sauti yako. Furaha ile iliniziba macho, maana hofu ilikuwa tayari imeketi nasi ukingoni.

Samaki walikuwa wanapungua.

Siku moja niliona nyayo matopeni, peku, vidole vimetawanyika, zimetoka upande wa msitu na kurudi upande wa msitu. Wewe ulikuwa umeziona kabla yangu. Ulichukua jani la mgomba ukazifuta, taratibu, kama mtu anayefagia kaburi. Siku mbili baadaye zilikuwepo tena, nawe ukazifuta tena. Njaa ya msituni ilikuwa imewafundisha watu wetu kumla samaki. Na juu ya mnara, kitu kilimetameta kwenye jua, darubini au mtutu, na hakikuondoka.

Gichovi hakuja kwa hasira. Alikuja na mifupa ya perege ndani ya jani, iliyookotwa msituni penye majivu, akaifungua mbele yako kwa heshima kama anayeleta zawadi.

Walipiga kengele, kijiji kizima tukakusanywa uwanjani. Ofisa alikuwa amekaa kwenye kiti, Marete mkalimani kando yake. Sote tulijua adhabu ya kuwapa chakula watu wa msituni. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtoto aliyelia. Ofisa akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Wewe napa hawa samaki?"

Nilijua unaweza kumjibu kwa Kiingereza. Hukufanya hivyo. Ulijibu kwa Kiembu, ukatugeukia sisi, na Marete akabaki kutafsiri nyuma yako mbiombio kama anayemfukuza ng'ombe aliyekata kamba.

"Walichukua. Sikuwapa," ulisema. "Neno hilo ndilo alilolisema Ndwiga. Alisema walichukua mahindi yake. Mimi nikamwambia mzungu kwamba aliwapa."

Marete akayatafsiri hayo pia.

"Maneno hayo mawili hayafanani," ulisema. "Hakuna mtu wa Embu anayeweza kuyachanganya. Alikuwa mtu wa sabini kuhojiwa siku ile, na nilikuwa nimechoka, na neno likatoka. Nililisikia likitoka. Sikulirudisha."

Sasa nilijua kilichokaa kinywani mwako mwaka na zaidi. Sikukutazama wewe. Nilimtazama Wamuyu, aliyesimama mstari mmoja nami, kanga yake imegusa mkono wangu. Hakulia. Aliondoa tu mkono wake, taratibu, usiguse wangu.

Ofisa alisema jalada la Ndwiga lilikwisha kufungwa. Wewe ukafungiwa ngomeni kwa homugadi, siku tisa. Nilisikia mambo mawili matatu kutoka ndani ya ngome ile ambayo sitayaandika. Saa ya ruhusa nilikwenda bwawani peke yangu, nikawamwagia pumba samaki wa mtu ambaye sikujua nitampa jina gani. Nilitaka kubomoa ukingo. Niliinua jembe. Yule jike alikuwa bado amefunga mdomo, amekonda hadi mgongo umekuwa kama kisu, nikalishusha jembe.

Siku ya kumi waliwakamata watu wawili msituni. Waliulizwa juu ya samaki, wakasema waliiba. Marete akatafsiri: waliiba. Neno moja, limesemwa sawasawa, nawe ukafunguliwa mlango.

Ulirudi na meno mawili pungufu. Hukukaa kuelekea ukuta. Ulikaa kuelekea mlango, na siku kadhaa nililala na woga huo mpya, maana mlango ule ulitazamana na wa Wamuyu.

Ilipofika saa ya ruhusa uliniambia twende. Nilikuuliza, mara yangu ya kwanza kukuuliza kitu, kama una moyo wa kufuga samaki baada ya yote haya. Ulisema huna. Ulisema unakwenda hivyo hivyo.

Jike alikuwa amefungua mdomo. Maji ya kibwawa yalijaa vitu vidogo vyeusi, mamia, vinavyotetemeka kama maandishi ambayo hayajatulia. Ulipiga magoti. Ndipo nilipoona kivuli cha mtu kimelala juu ya maji kati yetu.

Wamuyu alikuwa na jembe lake la nduma. Uliinuka ukasimama mbele yake, mikono chini. Hukujikinga. Mnarani askari alikuwa ametugeukia.

"Siku ile," alisema Wamuyu. "Nieleze alivyosema. Si ulivyomwambia mzungu. Alivyosema yeye."

Ukamweleza. Ulivua kofia ukayasema yote, kuanzia jina la baba yake hadi la shamba. Jinsi alivyosema walikuja watu wanne akiwa na homa kitandani. Jinsi alivyosema walichukua. Jinsi alivyosema, "Mke wangu anaweza kushuhudia, mwiteni," na hakuna aliyemwita. Sauti ilikuwa yako, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa Ndwiga, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema jambo la kweli. Wamuyu alifumba macho. Midomo yake ilikufuata.

Ulipomaliza, alilegeza jembe likagusa ardhi, akakaa juu ya mpini wake, ukingoni, mgongo wake ukielekea msitu.

"Tena," alisema.

Ukaanza upya, kutoka jina la baba yake.