Fundo la Mama Kwenye Kibuyu

Kaka yangu Kaloki alimkataa mchumba wangu Njau mara mbili kwa simu, na mara ya tatu akatoa sharti. Njau alete pombe ya asali, kibuyu kimoja, kutoka Ruiru anakokaa hadi nyumbani kwetu chini ya Kilimambogo, na afike saa sita mchana. Akishindwa, tusimsumbue tena. Mimi Kalondu nina miaka hamsini na tisa, ni mjane, nimestaafu kushona mashati kiwandani Thika, na bado naomba ruhusa kama msichana wa shule. Lakini kwetu bila Kaloki hakuna harusi, na mimi nilimtaka Njau. Nasema bila haya: nilimtaka sana.

Jumamosi asubuhi tulichukua pombe Gitothua, kwa bibi ambaye mtaa mzima unamwita Cucu. Alikipakata kibuyu kama mtoto mchanga.

"Hii muratina bado inachemka," alituonya. "Msifunge kabisa. Mfunike na kigunzi cha mahindi hivi, juu juu, na kila mkienda kidogo mtafute kivuli ipumue. Mkiharakisha itawaaibisha."

Cucu hakujua alikuwa anamwambia nani. Njau ni mpima ardhi mstaafu, na hajawahi kuharakisha kitu tangu azaliwe. Hata kabla hatujatoka Ruiru alisimamisha Probox yake, akaweka kibuyu chini ya mti, akaagiza chai na mandazi.

"Unaona hizi fleti zote? Hapa palikuwa kahawa tupu," akasema. "Mimi mwenyewe nilipima hii mipaka. Harufu ya maua yake, Kalondu, ungelia."

"Nitalia saa sita ikifika tukiwa hapa."

Alicheka, akaongeza mandazi. Juja tukasimama kula nduma. Thika akaniteremsha kwenye bustani iliyo kati ya maporomoko mawili, moja la mto Chania na lingine la mto Thika, na kibuyu kikakaa kivulini kikinong'ona povu. Nilizeeka mjini humo bila kukaa pale hata siku moja. Kila siku nilipita nikikimbilia kengele ya kiwanda. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, mwanamume ananimenyea yai la kuchemsha na kunieleza mito hiyo inatoka wapi, na nilikuwa na furaha hadi nikajishtukia. Makongeni tulikula chapati na maharagwe kwa Farhiya, rafiki yangu wa zamani, aliyemkagua Njau kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamwongezea chapati ya bure.

Kufikia hapo ilikuwa saa tano na nusu, na nilianza kuitazama saa kila mara. Njau aliposhuka kununua nanasi barabara ya Garissa, nilijua akirudi atatafuta kivuli kingine. Nikakisukuma kigunzi hadi mwisho. Nikachana ukingo wa leso yangu, nikaufunga mdomo wa kibuyu kwa fundo la mama: mizunguko mitatu, mkia unarudi ndani kwa chini. Ndivyo alivyofunga magunia ya mbaazi, na panya hawakuwahi kulifungua.

"Twende moja kwa moja," nikamwambia aliporudi. "Imeshapumua ya kutosha."

"Una uhakika?"

"Njau, endesha gari!"

Kibuyu kilikuwa kati yetu. Tulipoacha lami na gari kuanza kurukaruka, kilipasuka begani kwa kishindo, povu likamrukia Njau kuanzia kola hadi mshipi. Fundo halikulegea hata kidogo. Chini ya ufa ilibaki nusu. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, kwa sababu nilikuwa nimejiharibia kwa mikono yangu.

Njau alijilamba kidole. "Kai! Cucu anajua kazi yake," akasema.

Saa sita ilitukuta Fourteen Falls. Njau alifua shati kwenye maji ya mto Athi, akalianika juu ya boneti, nyuki wawili wakilichunguza. Nikaona kama tumeshaharibu, basi tusiharibu na njaa. Tukala samaki wa kukaanga na lile nanasi, maji yakinguruma mbele yetu, na kabla sijamaliza mkia wa samaki nilijikuta nacheka tena. Hapo nikaogopa zaidi. Sikutaka kurudi kula peke yangu.

Tulifika saa nane. Kaloki alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, miwani puani, sahani ya muthokoi imeshaisha. Alitazama kibuyu chenye ufa. Alitazama shati lenye doa.

"Bwana Njau, nilisema saa sita."

"Ulisema, mzee."

"Na hii?"

"Ni mimi," Njau akajibu bila kunitazama. "Nilikuwa na haraka, nikafunga kwa nguvu. Dada yako alinikataza."

Kaloki alikipakata kibuyu, akapitisha kidole kwenye kile kitambaa, pole pole, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika pale mkia unaporudi ndani. Akavua miwani.

"Hili fundo ulifundishwa na nani?"

Njau akajifanya anakagua doa la shati lake.

"Dunia nzima tumebaki wawili tunaolijua, na mimi leo sijatoka hapa."

"Ni mimi, Kaloki," nikasema. "Ni mimi nilifunga. Yeye alitaka tusimame."

Kaloki alianza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

"Mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, haraka yako naijua tangu ukiwa mdogo," akaniambia. "Nilikuwa naogopa kukuacha kwa mtu atakayekuanika mbele ya watu siku ukiharibu."

Alilifungua fundo bila kulikata, akamimina pombe kwenye kata hadi ukingoni, akanipa. Nikaonja, nikamkabidhi Njau kwa mikono miwili, kama mama alivyofanya siku yake ya kuposwa.

"Kunywa pole pole, shemeji," Kaloki akasema. "Imebaki kidogo."