Barua Kwenye Sanduku la Pipi

"Jishindie mwenyewe, Mama Fausta," Bwana Masunga alisema, akaidondosha barua ndani ya sanduku la kioo, juu ya pipi.

Wageni wakacheka. Mmoja alicheka na wali mdomoni, punje zikarukia kitambaa cha meza ambacho Theopista alikuwa amekipiga pasi asubuhi ile.

Barua ilikuwa imeletwa na dereva wa lori kutoka Ikola. Theopista, mpishi wa nyumba ile kwa miaka saba, aliutambua mwandiko wa Fausta, binti yake aliyeishi huko, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Alinyoosha mkono aipokee; bosi akaiwahi.

Sanduku lile lilikuwa kidude cha mchezo ambacho bosi alikinunua Dar. Ukibonyeza kitufe muziki unalia, unasukuma vishikio viwili, mkono wenye vidole vitatu vya plastiki unatembea, unashuka, unakamata. Au haukamati. Theopista ndiye aliyekijaza pipi na kukitia betri, na bosi alimwagiza atie betri zilizochoka redioni, ili vidole vilegee.

"Mpe tu barua yake, Baba Ndaki," mke wa bosi alimwambia mumewe bila kuinua macho.

"Acha kwanza tuone!"

Theopista akacheza, mikono ikinuka vitunguu. Vidole viligusa bahasha, vikainua kona yake, vikaiachia. "Aaa!" wageni wakapiga kelele. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu mgeni mmoja alimpigapiga begani kwa kiganja chenye mafuta, kama anayemhimiza punda. Miaka saba alikuwa akiilisha midomo hii.

Muziki ukakatika. Theopista akaligeuza sanduku, akafungua kimlango cha nyuma cha kujazia, akatoa barua. Pipi zikamwagika sakafuni.

"Wewe! Mbona unaharibu mchezo?"

"Ni yangu, baba."

Akavua aproni, akaiacha juu ya bakuli la mchuzi.

Nje, akiegemea ukuta, alisoma: *Mkunga anasema ni wiki hii. Naogopa. Njoo, mama.* Tarehe ilikuwa ya siku sita nyuma.

Sokoni lori la Ikola lilikuwa limemaliza kushusha dagaa, likijiandaa kurudi.

"Kiti hakuna, mama," utingo alimwambia. "Labda juu."

Akapanda. Akakaa kwenye magunia matupu yaliyonuka samaki na jua, na lori lilipoanza kutikisika akaivuta harufu ile hadi ndani kabisa ya kifua.