Saa Kumi na Mbili na Dakika Kumi

Mtu wa Gatuanyaga akikosa vifaranga, Thika nzima inajua kabla ya saa nne. Wiki hiyo Njau alikuwa amekosa mara ya tatu. Mzee ametandaza maranda bandani, amewasha jiko, halafu ofisi inamwambia oda yake imesukumwa hadi wiki ijayo. Alisimama mlangoni pa ofisi akasema maneno nisiyoweza kuandika, na Tabby, mama wa chai, akayafikisha hadi stage ya matatu.

Amrik, mwenye kampuni ya vifaranga, akanipigia mimi, fundi wake wa kompyuta. "Mwas, kuna mtu anahamisha oda za watu. Nitafutie huyo mtu."

Ofisi ya oda iko Thika, lakini seva inayozihifadhi iko Gatongora, kule Ruiru, pale mayai yanapoanguliwa. Nikaenda, nikaweka kwenye seva programu ya kunasa mabadiliko. Oda ikiguswa, inaandika ilikuwa nini, imekuwa nini, kwa jina la nani na saa ngapi. Nikahakikisha itajiwasha hata stima ikipotea na kurudi, kisha nikaenda zangu mtaa wa Kimbo kula mutura, utumbo wa kuchoma. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya nne tukaifungua rekodi hiyo pale Thika. Oda kumi na moja zilikuwa zimesogezwa, zote kwa jina la Kanini, karani wa oda. Jina peke yake si kitu, maana Kanini akifungua kompyuta asubuhi inabaki kwa jina lake mpaka jioni, na kila mtu anaikalia. Kilichomnasa ni saa. Kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku baada ya siku. Saa hiyo ofisini huwa ni Kanini na ufunguo wake tu.

"Miaka tisa, Kanini," Amrik akasema, akanyoosha mkono. "Weka ufunguo hapa, uende nyumbani."

Kanini akauweka mezani. Hakulia. Aliniangalia mimi. "Jumanne pia imeandikwa?"

"Iko, saa ile ile."

"Jumanne nilikwama kwa jam barabarani nikafungua saa mbili."

"Ni ukweli," Tabby akasema kutoka mlangoni. "Nilikaa kwa ngazi na thermos mpaka nikaganda."

"Mwas, gusa oda yoyote sasa hivi," Kanini akasema. "Tuone itaandika nini."

Nikagusa moja. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika ishirini. Rekodi ikaandika saa mbili na dakika ishirini.

Seva ilikuwa inafuata saa za kimataifa tangu siku ya kwanza, na mimi, fundi, sikuwahi kuiambia iko Kenya. Saa tatu nzima nyuma. Mtu alikuwa karibu kufutwa kazi kwa uzembe wangu.

"Ongeza tatu basi," Kanini akasema polepole.

Saa tatu na dakika kumi. Wakati huo sisi wafanyakazi wote huwa jikoni kwa Tabby, tukila mandazi na habari za watu.

Tabby hakusubiri kuulizwa. "Saa hiyo kwa kiti cha Kanini huwa ni wewe, bosi. Unaongea na simu hapo dirishani. Nakuletea chai hapo hapo."

Amrik akakitazama kile kiti.

"Mimi huingiza tu rafiki mmoja, wawili, pale juu ya orodha," akasema. "Sijawahi kutoa mtu."

"Trei za vifaranga zikijaa, bosi, ukiweka mtu juu, wa chini anaangukia wiki ijayo," nikamwambia. "Na gari la kupeleka Gatuanyaga ndilo la mwisho kabisa kwenye orodha."

Amrik akausukuma ufunguo kuelekea kwa Kanini. Kanini hakuugusa. Alikalia kiti chake, akabadilisha paswadi, sote tukimtazama vidole.

"Sasa mimi nitaingia na paswadi gani?" Amrik akauliza.

"Ingia na jina lako, bosi," Kanini akasema.

Kisha akabonyeza namba kwenye simu ya ofisi, akampa Amrik mkono wa simu. "Huyo ni Njau. Mwambie wewe mwenyewe."