Mashine Isirudi na Kiu

Mume wangu Gershom alinunua gari lile Mombasa bila kuniuliza, na fundi wa nyumba ni mimi. Mimi Janet, ambaye pampu za maji kutoka Garsen hadi Bura zinaijua sauti yangu! Akaja nalo jekundu, fupi, tumbo karibu liguse lami, naye anatabasamu kama bwana harusi. Nikafungua boneti nikakuta injini isiyo na pistoni hata moja.

"Ni ya rota," akasema kwa madaha. "Hii inazunguka."

"Hata mbuzi mwenye kichaa anazunguka," nikamjibu.

Kwa asiyeijua, injini ya rota ina vyuma viwili vyenye umbo la sambusa, navyo huzunguka mahali ambapo pistoni zingepanda na kushuka. Na injini hii hunywa oili kwa maumbile. Imeundwa iivute kidogo kidogo na kuichoma pamoja na petroli, ili kingo za zile sambusa zisikwaruzane na ukuta. Usipoiongezea kila mara, umeizika. Nilinung'unika sana juu ya gari hilo, kisha nikalipenda, na aliyenifanya nilipende ni mama yangu.

Mama, Kache, ni Mgiriama wa kizamani. Kwake, mume wa binti ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali: hampi mkono, hamtaji jina, hamtazami usoni, wala hawasemezani ana kwa ana. Gershom ni Mpokomo, lakini adabu ya ukweni anaijua, akaifuata bila kununa. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Mwambie hivi, mwambie vile, mpaka mdomo ulinichoka.

Mama analima ng'ambo ya mto, upande wa Kilelengwani. Siku ya soko huja Garsen na ndizi zake, na zikiisha Gershom hufunga duka lake la mbegu akampeleka mpaka penye mashua ya Uledi mvushaji. Mama hukaa kiti cha nyuma, kanga imemfunika mpaka puani. Safari ya kwanza tuliingia kwenye shimo, mama akarushwa, uvumilivu ukamwisha.

"Wewe gari!" akasema. "Mwambie mwenyewe apunguze mwendo. Mgongo wangu si wa chuma."

Gershom akakanyaga breki. "Gari, mwambie mama nimesikia. Anisamehe."

Hapo ndipo walipoanza. Gari likaulizwa kama viboko wameingia tena shambani, gari likajibu kwamba wamekula mpunga wote wa pembeni. Gari likaambiwa binti yetu Hope amepata meno, gari likacheka kwa sauti ya mama mpaka kanga ikaanguka. Mimi nilikaa mbele nikijifanya nasinzia, moyo umejaa. Sikupata kumsikia mama akizungumza na mume wangu namna ile tangu niolewe.

Kisha taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka. Asubuhi injini ikiwa baridi presha ilikuwa nzuri, lakini ikishapata moto mshale wa geji unalala. Fundi mmoja wa mbali alimwambia Gershom kwa simu kwamba beringi zimekwisha, na injini ya aina hiyo ikishakufa haina mazishi ya maana. Gershom akakonda. Akampigia Fondo, mnunuzi wa magari mabovu kutoka Malindi, wakapatana aje siku ya soko.

"Ukilipata kosa kabla hajafika, tunabaki nalo," akaniambia. "Usipolipata, liende. Sitaki litufie njiani na mama yumo ndani, jua lile, maji hakuna."

"Na mtazungumza kupitia nini?" nilitaka kumwuliza, lakini alikuwa ameshageuza uso.

Siku ya soko nikaamka na spana. Kwanza nikapima kiasi cha oili kwa kijiti chake. Imejaa pomoni. Sikuipenda hiyo. Nikakumbuka kwamba kwa majuma kadhaa Gershom alikuwa akijigamba kwamba gari lake limeokoka, limeacha kunywa, kama mlevi aliyetoka mkutano wa injili. Na mimi nilicheka tu, fundi mzima! Injini ya rota haiachi kunywa. Kama oili haipungui, kuna mtu anaiongeza.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu mapema. Geji za magari ni waongo wazuri, basi nikafungua sensa ya presha nikafunga mahali pake geji yangu ya mkono, ile ninayopimia pampu. Nikaacha injini ipate moto. Mshale ukapanda, ukasita, ukateremka taratibu. Geji ya gari haikusema uongo.

Nikalegeza bolti ya chini kumwaga oili. Oili nzito hushuka kwa uvivu, kama uji, lakini hii ilichuruzika kama chai ya mkopo. Nikaichota kwa kidole. Ilikuwa na ukijani kidogo, na harufu yake naijua: ni harufu ya nyuma ya mashua, pale penye injini. Kwa uhakika zaidi nikafungua sampu yote, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la pampu safi, springi ya valvu ya presha nzima, wala hakukuwa na unga wa beringi hata chembe. Injini haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imenyweshwa oili ya mashua, ile nyepesi ya kuchanganywa na petroli, mpaka damu yake ikawa maji.

Nikampigia Uledi. "Uledi, nani ananunua oili ya mashua kwako?"

"Ah, dada Janet, si mamako? Kila akivuka achukua kichupa. Aniambia injini ya mkwewe yala oili na petroli pamoja. Nami n'kamwambia, basi hiyo ni ndugu ya yangu, ipe hii."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Hasira ilinipanda kwanza, siwezi kuificha, halafu nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka. Kule shambani mama na wenzake wanashirikiana pampu moja ya kumwagilia, na sheria yao ni kwamba mashine iliyokufaa huirudishi na kiu. Ukimaliza zamu yako, unaijaza oili ndipo unamkabidhi mwenzako. Naye gari lilimfaa. Basi kila siku ya soko, sisi tukiwa kazini, alifungua boneti akalipa shukrani yake kimyakimya.

Nikaosha sampu, nikafunga filta mpya, nikamimina oili nzito inayolingana na joto letu la Tana. Nilipokuwa nakaza kifuniko, Fondo akaingia uani na lori lake. Gershom akaja nyuma yake. Mama alikuwa ameshafika kitambo, ameketi kwenye mkeka kando ya jiko, kanga usoni.

Nikawasha. Tukasubiri injini ipate moto. Mshale ukapanda ukasimama, na hata feni ilipoanza kuvuma haukushuka.

Gershom akashusha pumzi. "Kosa lilikuwa nini?"

"Oili ilikuwa nyepesi."

"Mimi hununua nzito. Nani aliifanya nyepesi?"

Nitamwaibishaje mama mbele ya mkwewe, na mgeni anatazama? Mtu ambaye mama hata jina lake halitamki, nimwambie mama ndiye aliyeharibu gari lake?

"Janet, usiposema, litarudi," Gershom akasema, sauti ya chini. "Na litarudi mama akiwa ndani." Nikainama kukusanya spana zangu. Akautazama mshale, akanitazama mimi, kisha akatoa funguo akamnyooshea Fondo.

Mama akasimama. Akavuka ua polepole, akaweka kiganja juu ya paa la gari, uso ameupeleka ukutani.

"Wewe gari," akasema, "mwambie mwenyewe ni mimi niliyekunywesha. Amenibeba mvua na jua. Mtu nisiyeweza hata kumpa mkono, nitamshukuruje? Nikaona nisikurudishe na kiu. Sikujua nakuua."

Fondo akaangalia viatu vyake. Gershom alisimama mkono umenyooshwa, funguo zinaning'inia.

"Janet," akaniuliza bila kugeuka, "hiyo oili ya mashua ni sumu?"

"Kwenye sampu, ndiyo. Lakini ukitia kidogo kwenye tanki la petroli, kipimo cha kifuniko, ni dawa. Kingo za rota zinaipenda kweli."

Akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa tanki, akaushika wazi. Kisha akageuza uso akaangalia barabarani, kama adabu inavyotaka.

"Gari," akasema, "mwambie mama mlango wa zawadi yake ni huu."

Mama akapekua kikapu, akatoa kichupa kipya cha Uledi. Nilitaka kumsaidia, lakini nikajizuia. Akajaza kifuniko, akamimina, hakumwaga hata tone. Walisimama karibu kuliko nilivyowahi kuwaona, kila mmoja anatazama upande wake.

"Gari," mama akasema, "mwambie mwanangu asikuuze. Tutasemezana kupitia nini?"

Mwanangu. Gershom alifuta macho kwa kiwiko, akatia funguo mfukoni, na ikawa kazi yangu kumwomba Fondo radhi na kumpa ndizi za njiani.