Mtoto Aliyeandikwa Mavyaa

Hii ilikuwa mara ya tatu Mwanarusi kuupanda mlima wa Kwale mwezi ule, na miguu ilikuwa imeshamwambia basi. Gari la kutoka Msambweni liliwashusha Kombani, la kwenda juu halikuja, wakatembea. Mgongoni alikuwa na binti yake wa miaka minne, amelala, mzito kama gunia la muhogo. Nyuma alikuja mavyaa yake, mama wa marehemu mumewe, akilalamika kila kona.

"Hawa wazungu waliona wapi kuweka ofisi huku juu? Wanatukimbia?"

Mwanarusi aliinama, akazidi kupanda. Hata kucheka kulikuwa kazi.

Sasa sikia kisa chenyewe. Mtoto alipozaliwa, mumewe Alfani alimpa jina la mama yake, Mwanamkuu. Vizuri kabisa! Lakini karani wa vyeti alipopita hospitalini, Alfani hakuwapo, aliyeulizwa ni Mwanarusi. Na kwao mke hamtaji mavyaa yake kwa jina, hata umtolee bunduki. Basi alipoulizwa mtoto anaitwa nani, akajibu kwa adabu zake zote, "Mavyaa." Karani mtu wa bara, ajue nini? Akaandika: Mavyaa binti Alfani. Akapiga muhuri, akaenda zake. Nyumbani nako Mwanarusi alimwita mtoto vivyo hivyo, nani angeshuku?

Aliyeligundua kosa ni Shutu wa Lunga Lunga, ndugu yake Alfani kwa baba. Alfani alikufa, shamba lake la minazi likapelekwa kwa Kadhi ligawanywe, na nusu yake ni haki ya mtoto. Shutu akasimama na cheti mkononi. "Ndugu yangu siku zote alisema ana binti, Mwanamkuu. Huyu ameandikwa Mavyaa. Mwanamkuu yuko wapi?" Watu wakaguna. Kadhi akasema cheti kitengenezwe kabla ya Jumatatu, kisipotengenezwa mgawanyo utapita bila mtoto.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Safari ya kwanza Mwanarusi alimwambia karani wa Kwale, Kahindi, "Nataka aandikwe jina la mavyaa yangu." Kahindi akatazama cheti. "Mbona ndilo hili?" Safari ya pili alikuja na jirani yake Mwanatumu amsemee. Wakarudishwa. Aliyetoa jina la kwanza ndiye atakayeapa la pili, kwa kinywa chake.

"Shikamoo, mama," Kahindi alimwambia mama mtu mzima walipoingia.

"Marahaba. Wewe ndiwe unayemtesa mkaza mwanangu?"

"Si mimi, mama. Mimi Mgiriama, mambo haya yapo kwetu pia; mara ya pili nilielewa. Tatizo ni huyu wa ndani."

Wa ndani alikuwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Mwanarusi akashika msahafu, akaapa. Kisha akaulizwa: jina la mtoto ni nani?

Mavyaa yake yuko pale pale, hatua mbili, amejifunika leso, anatazama sakafu.

"Jina la... la huyu mama hapa."

"Analo jina?" akauliza Bwana Shauri.

"Analo."

"Litaje."

Mwanarusi akamgeukia mkwewe. "Mama, niambie nisiseme, turudi zetu. Nimechoka mimi. Shutu na achukue."

Bibi yule akaikaza leso kichwani. Hajawahi kutajwa na mke wa mwanawe yeyote, na wenzake wote hawajatajwa. Mwisho akasema, "Alfani aliichimbia mashimo minazi ile kwa mkono wake. Sema."

"Mwanamkuu," akasema Mwanarusi, kwa sauti ya mgonjwa.

"Sikusikia," akasema mzungu.

"Mwanamkuu!"

"Abee," akaitika mama mtu mzima, pole pole, vile mtoto anavyomwitikia mkubwa wake.

Kahindi akainamisha uso kwenye karatasi. Mzungu hakuelewa kitu, akatia sahihi. Jina la zamani likapigwa mstari wa wino mwekundu, jipya likaandikwa juu yake, muhuri ukashuka. Yote yale kwa dakika mbili!

Wakateremka tena kwa miguu, cheti kimefungwa kwenye pindo la leso. Mwanarusi alidhani atafurahi. Alichotaka ni kulala tu, siku tatu mfululizo. Karibu na Kombani mama mtu mzima akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu.

"Mama, umekasirika?"

"Kunitaja umenitaja. Mara mbili."

"Nisamehe."

"Jumatatu Kadhi atakuuliza tena, na Shutu atakuwepo. Usiseme kama mgonjwa. Mwamshe mtoto atembee, utakatika mgongo. Mwite jina lake tusikie."

Mwanarusi akageuza shingo, akamtazama mtoto usingizini.

"Jumatatu, mama," akasema. "Leo sina nguvu."

Akamkaza mtoto mgongoni, wakaendelea kuteremka.