Robo Moja kwa Robo Nne

Metro alipofariki, kiti chake kwenye meza ya kahawa hakikukaa wazi hata wiki moja. Alikikalia mkewe, Stefka. Wanaume wa mji mdogo wa Dobrovod, waliozoea kukutana kila asubuhi kwenye mkahawa wa duka la Ushirika, walitazamana kidogo, wakamsogezea sukari, na mambo yakaendelea kama zamani. Wanarusha dado, mwenye namba ndogo anawalipia wote, ndipo maneno yanaanza.

Msimu ule, mavuno yalipokwisha, maneno yalikuwa ya Stefka. Lorne Friesen, aliyekuwa akimlimia shamba, alitaka kulinunua.

"Mwanangu anarudi na mkewe," Lorne alisema, akizungusha kofia mikononi. "Anataka kulima, nami sina pa kumweka. Robo yako imepakana na yangu. Sikuharakishi, dada. Ila theluji ikianza kuyeyuka nitataka kujua, maana mbegu haziagizwi siku moja."

Robo ni kipande cha mraba cha ekari mia na sitini. Uwanda wote wa jimbo la Saskatchewan umekatwa hivyo. Metro na Stefka walikuwa na robo tano. Nne ziliuzwa Metro alipougua. Ya tano Lorne aliilima kwa hisa: theluthi ya mavuno ya Stefka, theluthi mbili zake yeye. Mwaka mzuri, theluthi ile ililipia gesi ya kupasha nyumba joto, kodi ya mji, na meno ya Stefka. Lakini miaka miwili ilipita mikavu, na wa tatu, ngano ikiwa kiunoni, ikaja mvua ya mawe. Mwaka huo Stefka alipata theluthi ya mabua.

Binti yake, Lesia, alikuwa amemwandalia chumba kwake Edmonton, chini ya nyumba. "Kina dirisha, Mama," alikuwa akisema kila anapopiga simu. Stefka alishaliona. Lilikuwa juu, karibu na dari, na ukichungulia unaona magurudumu ya gari. Jiko lake mwenyewe lilitazama mashariki, na kila asubuhi jua lilifika hadi kwenye birika. Hakuwa na ugomvi na binti yake. Alitaka tu kuzeeka pale birika lilipo, na kwa hiyo swali lake lilikuwa moja: ni pesa ipi itakayomweka nyumbani?

"Mbona jibu liko wazi?" alisema Wasyl, mdogo wa marehemu Metro. "Uza robo moja, shemeji, upate robo nne kila mwaka." Akacheka kabla wenzake hawajaelewa.

Alikuwa akisema habari za benki kubwa sita za nchi. Zile zinawalipa wenye hisa gawio, fungu la faida, kila robo ya mwaka, na Wasyl alikuwa na hisa za tatu kati yazo. Aliziita kwa rangi, kama watu wote wanavyoziita: ya kijani, ya bluu, ya nyekundu.

"Vita vimepita, zimelipa. Ukame umepita, zimelipa. Lorne huyu mwaka juzi kakulipa nini?"

"Nililipa mawe," Lorne alisema taratibu. "Theluthi ya mawe, kwa haki kabisa."

Meza ikacheka. Stefka naye alicheka, kisha akasema, "Baba yangu alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya mlango wa benki. Walichukua farasi wa babu, wote wawili, na hatamu zao."

"Basi nenda kawadai farasi wenu!" Wasyl akajibu. "Ukiwa na hisa, benki ni yako. Utaingia umevaa buti zenye tope na hakuna wa kukufukuza. Au unataka kufuga panya kama kaka?"

Huo ulikuwa utani wa zamani. Metro alikuwa na ghala moja la bati ambalo halikuguswa mpaka ngano mpya iwe ndani. Bei ipande, ishuke, ghala la mwaka jana lilibaki limejaa. Wasyl aliliita hoteli ya panya.

Stefka hakujibu siku hiyo. Hakuwa mtu wa kukata shauri mezani. Alikwenda nyumbani akalipindua neno la Wasyl huku na huku, kama mtu anavyopindua unga mkononi kujua kama umepata maji ya kutosha. Kadiri alivyozidi kulifikiria ndivyo lilivyozidi kumpendeza. Mwezi Februari, theluji ikiwa imefika kwenye kingo za madirisha, akavaa buti zake, akaenda katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo kumwona mshauri.

Mshauri alikuwa binti aitwaye Harpreet Dhaliwal, mgeni wa mwaka mmoja pale mjini. Alimkaribisha kiti, akamwuliza anataka nini.

"Hisa za benki kubwa," Stefka alisema. "Ila kwanza niambie. Wanatoa theluthi au robo? Na mbolea analipa nani?"

Harpreet aliinua macho. Stefka akaona kwamba amesema jambo la ajabu, lakini hakujua ni lipi. Maisha yake yote, hisa ilikuwa hisa: fungu lako la kilichotoka shambani.

"Mama, unalimisha kwa hisa?"

"Tangu mume wangu augue."

Binti hakucheka. Alisogeza kompyuta pembeni. "Huku hakuna fungu lililopangwa. Wakipata faida, wanakaa wao wenyewe wanaamua watoe kiasi gani."

"Mlimaji ndiye anayeamua anipe nini?"

"Ndiyo."

"Lorne angenifanyia hivyo ningemnyima chai." Stefka alifikiri. "Mimi nilidhani ni kodi. Kwamba wanalipa vilevile, mvua inyeshe isinyeshe."

"Wengi wanadhani hivyo, kwa sababu zimelipa kwa muda mrefu sana. Wanajitahidi wasipunguze, ni jambo la heshima kwao. Lakini ahadi hawajaweka. Na thamani ya hisa yenyewe, tazama." Akamgeuzia kompyuta. Mstari ulipanda taratibu, ukaanguka kama mtu aliyekanyaga barafu, ukapanda tena. "Hapa ilipoanguka, aliyekaa kimya alipona baadaye. Aliyelazimika kuuza mwaka huo aliuza kwa hasara."

Stefka aliutazama mstari ule kwa muda. "Hizo benki sita zinakopesha nani?"

"Watu wote. Lakini zaidi ni wanunuzi wa nyumba. Toronto, Vancouver, huku kwetu pia."

"Zote sita?"

"Zote sita."

Huko Dobrovod hata mtoto anajua kwamba mvua ya mawe ina njia yake. Inakata ukanda mmoja, upana wa maili moja au mbili, na ng'ambo ya barabara ngano imesimama bila jani kupasuka. Kwa hiyo mwenye akili hanunui robo zake zote mahali pamoja. Anachoma mafuta ya trekta akizifuata huku na kule, lakini hazipigwi zote kwa siku moja.

"Basi Wasyl ana mashamba matatu," Stefka alisema, "na yote yako kwenye njia moja ya mawe."

Harpreet alirudisha kompyuta mahali pake. "Ni mashamba mazuri, mama. Nami nisingemkataza mtu kuwa nayo. Lakini ndiyo, njia ni moja."

Stefka alirudi kwa njia ya nje ya mji, akasimamisha gari karibu na robo yake. Ghala la Metro lilikuwa bado pale, bati limepauka, limebaki tupu. Metro hakuwahi kumweleza kwa nini analijaza, wala yeye hakuwahi kuuliza. Sasa alielewa. Ngano ile haikuwekwa kusubiri bei. Iliwekwa ili mwaka wa mawe ukija, asiwepo mtu wa kumlazimisha kuuza chochote.

Kesho yake alirusha dado, akashindwa, akalipia kahawa. Kisha akamwambia Lorne, "Nitakuuzia nusu. Upande wa magharibi, unaopakana nawe. Mashariki utaendelea kunilimia kwa hisa."

Lorne aliiweka kofia mezani. "Nusu inatosha kuanzia," alisema. "Kijana atajifunza."

"Na pesa?" Wasyl akadakia. "Ya kijani au ya bluu?"

"Kwanza najaza ghala. Gesi, kodi na chakula cha miaka minne, naviweka kwenye akaunti ya muda maalumu pale kwenye chama. Kinachobaki ndicho kinakwenda kwenye hisa za benki. Ya kijani na ya nyekundu."

"Miaka minne! Kwa riba ile! Shemeji, unafuga panya."

"Nawafuga," Stefka alisema. "Nipitishie sukari."

Majira ya kupukutika majani yaliyofuata, hisa za benki zilishuka wiki nzima bila kupumzika. Wasyl alikuja mezani akanywa kahawa bila kusema neno, na kwa heshima hakuna aliyemchokoza. Jioni Lesia alipiga simu. Stefka alikuwa akikunja vibumba vya unga vyenye viazi na jibini ndani, simu ameibana kwa bega.

"Mama, umesikia habari za benki?"

"Nimesikia."

"Huogopi?"

Stefka alifikiri kama anaogopa, maana hakupenda kujibu ovyo. Alikuwa na wasiwasi kidogo, kama ule wa kusikia ngurumo za mbali. "Ghala limejaa," alisema. "Na Lorne ameleta theluthi yangu. Si mbaya."

"Chumba bado kipo, lakini."

"Kina dirisha, najua." Alibana kingo za kibumba kwa vidole, akakiweka pamoja na vingine. "Wekeni baiskeli humo, mwanangu. Zinapata kutu nje."